Puto, rada, setilaiti au kipima mvua: kipi kikipunguzwa, dhoruba inatukuta hatujajiandaa?

Msimu wa giza, mwezi unapokuwa umejificha na dagaa wanafuata taa, mwaloni kwetu kando ya Ziwa Victoria kuna swali moja kila siku ifikapo saa 11 jioni: tuingie au tulale? Nahodha anatazama mawingu upande wa mashariki. Anatazama simu. Anamtazama mwenzake aliyeingia jana. Kisha anaamua, na watu wanne wanapanda mtumbwi kwa kuuamini uamuzi wake.

Kilichomo kwenye simu ni neno moja: angalizo, tahadhari, au hakuna. Neno hilo limejengwa kwa vipimo vilivyochukuliwa mbali na mwalo, vingine saa 12 zilizopita, vingine dakika 10 zilizopita. Vipimo vikipungua, neno linaendelea kufika kwa rangi ile ile, ila uzito wake umeshuka na anayelisoma hajaambiwa.

Nafundisha jiografia katika shule iliyo hatua chache kutoka ziwani, na ni mjumbe wa kamati ya maafa ya kata. Wanafunzi, wavuvi na madiwani huniuliza kitu kile kile: kati ya puto, rada, setilaiti na vituo vya ardhini, kipi tukipiganie, na kipi tukitegemee vingine vinapokatwa? Swali limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025, Marekani ilipoanza kupunguza vipimo vyake yenyewe. Kwetu Afrika vilikuwa vichache tangu zamani: kwa takwimu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilizonukuliwa sana mwaka 2023, bara zima lilikuwa na rada 37, wakati Ulaya ilikuwa na 345 na Amerika Kaskazini 291.

Nimevipima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni muda: chombo kinakupa habari saa ngapi kabla ya dhoruba. Cha pili ni kile kinachokiona, maana hakuna chombo kinachoiona dhoruba yote. Cha tatu ni pengo, yaani kikikatwa, kuna kingine cha kuliziba? Cha nne ni gharama, na hapo naomba msomaji atenganishe fedha ya kununua na fedha ya kutunza, kwa sababu vyombo vyetu vingi hufia kwenye ile ya pili. Halafu kinamfaa nani.

Kigezo cha pengo ndicho ninachokipa uzito zaidi. Pesa ikipatikana chombo hurudi, lakini kipimo cha jana ambacho hakikuchukuliwa hakirudi tena.

Puto

Saa 9 usiku na saa 9 alasiri kwa saa zetu, vituo duniani kote hurusha puto kwa wakati mmoja. Linapoachiwa lina upana wa mita moja na nusu au mbili, na chini yake linaning'inia kikasha chepesi kuliko embe. Hupanda karibu mita 300 kila dakika huku likizidi kuvimba, hadi linapopasuka likiwa juu ya kilomita 30, pana kiasi cha kumeza gari dogo. Njia nzima kikasha kinatuma halijoto, unyevu, mgandamizo wa hewa na upepo.

Linachokiona ni hewa yenyewe, ngazi kwa ngazi, kabla hata ya wingu kuwepo. Mpishi anayetaka kujua kama ugali umeshika chini hatazami uso wa sufuria; anaingiza mwiko. Puto ndilo mwiko. Katika nyanda za kati za Marekani, kwa mfano, hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hupita chini, na juu yake hulala tabaka la hewa ya joto na kavu kama kifuniko. Kifuniko kikishikilia, siku inapita na jua lake. Kikiachia jioni, yote yaliyokuwa yakichemka chini hupanda kwa mara moja, na hapo ndipo hutoka mvua ya mawe na tornado, kile kisulisuli kikubwa chenye kung'oa nyumba. Unene wa kifuniko hicho puto huupima vizuri. Setilaiti huubahatisha, na rada haiuoni kabisa.

Muda wake basi ni mrefu: nusu siku hadi siku kadhaa mbele, kwa kupitia kompyuta za utabiri.

Likikatwa? Machi 20, 2025, Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ilitangaza kwamba kwa upungufu wa watumishi inasitisha puto Omaha, Nebraska, na Rapid City, South Dakota, na kwamba vituo vingine 6 vitarusha mara moja kwa siku badala ya mbili. Kotzebue, Alaska, ilikuwa imeshasimama tangu Februari. Utabiri haukufa. Kompyuta huziba pengo kwa kukisia kutoka vituo jirani na setilaiti, na siku nyingi kisio linatosha. Tatizo ni siku ile moja ambayo kila kitu kinategemea kifuniko kina unene gani. Tena hewa ya kule husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kosa la leo juu ya Nebraska ni shaka ya kesho kwa mtu wa Ohio, ambaye kituo chake hakikuguswa. Haki inanilazimu niseme pia kwamba ni vigumu kuinyooshea kidole dhoruba moja na kudai ingetabiriwa sawasawa kama puto fulani lingepaa. Hasara yake hujificha kwenye wastani, na ndiyo maana ni rahisi kulikata.

Gharama: kila mrusho ni mamia ya dola, na kituo kinachorusha mara 2 kwa siku kinahitaji puto 730 kwa mwaka, pamoja na gesi. Karibu vyote hupaa visirudi. Mhasibu yeyote akitafuta pa kupunguza, hapo ndipo macho yake yanapotua. Kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika Januari 2023 zinataka kila nchi iwe na vituo vya puto visivyopishana zaidi ya kilomita 500, mara mbili kwa siku. Pima kwenye ramani kutoka Mwanza utaona tulivyo.

Linamfaa mtabiri wa kitaifa, na kupitia kwake yeyote anayehitaji kuamua leo jambo la kesho: meli, shule, wakandarasi. Nahodha wa mtumbwi halioni kamwe, ingawa angalizo lake la alasiri linatoka humo kwa sehemu kubwa.

Rada

Rada haijui kesho. Muda wake ni dakika chache hadi saa mbili au tatu, lakini ndani ya muda huo hakuna kinachoishinda. Inatuma mawimbi yanayogonga matone na kurudi, hivyo inaona mvua iko wapi, ni nzito kiasi gani, inaelekea wapi, na zile za kisasa zinaona pia upepo unaosukuma matone hayo.

Ina kikomo ambacho watu wengi hawakijui. Mwale wake huenda karibu kunyooka huku dunia ikijipinda chini yake, kwa hiyo kadiri unavyoenda mbali ndivyo unavyopita juu zaidi. Rada ya Mwanza ikitazama Bukoba, umbali wa kama kilomita 180, mwale wake wa chini kabisa unapita zaidi ya kilomita 3 juu ya maji. Yanayotokea chini ya hapo, upepo wa ghafla unaoshuka kutoka kwenye wingu na kupindua mitumbwi, haiyaoni. Kisumu ni mbali zaidi, na Entebbe pia.

Na upande wa Bukoba si upande wa kuachwa. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na dhoruba huzuka juu ya vilima vya mashariki. Usiku upepo hugeuka: hewa baridi ya nchi kavu huteremka kutoka kila upande na kukutana katikati ya ziwa, juu ya maji yenye joto la nyuzi 24 au zaidi, na dhoruba huzuka humo, hasa nusu ya magharibi, kutoka usiku wa manane hadi asubuhi. Ndiyo saa ya dagaa. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha. Ajali ya ndege haina sababu moja, na sisemi rada ya jirani ingeizuia. Nasema tu kwamba hapo ndipo dhoruba zetu za alfajiri zinapokusanyika.

Rada ikizimika, pengo lake ni baya kwa namna nyingine: linatokea hapo hapo. Mtabiri anaendelea kujua kwamba leo kuna hatari, lakini hawezi kukuambia kwamba hatari iko Ukerewe na itakufikia baada ya dakika 40. Setilaiti inamsaidia kuliona wingu kutoka juu, bila kujua chini yake kunanyesha nini.

Rada pekee pia haitoshi bila jicho. Mei 16, 2025, tornado kali ilipiga London, Kentucky, jimbo ambalo familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili zimehamia. Ofisi inayohusika na eneo hilo haikuwa tena na mtabiri wa zamu ya kawaida ya usiku. Usiku ule waliitwa watu kufanya kazi ya ziada, na maonyo yalitoka. Hata hivyo watu 19 walikufa katika jimbo hilo. Siku ambayo hakuna wa kuitwa, picha itakuwepo kwenye skrini na kiti kitakuwa kitupu.

Gharama ya kununua ni mamilioni ya dola, na ya kutunza haina mwisho: umeme usiokatika, fundi aliyesomea kazi hiyo, vipuri kutoka ng'ambo. Tanzania imetoka Dar es Salaam na Mwanza hadi Mtwara na kuendelea, kwa mpango wa kuwa na rada 7, na hilo nalipongeza kwa moyo wote. Ombi langu kwa wanaopitisha bajeti ni kwamba fungu la vipuri lisiwe mstari wa mwisho.

Inamfaa mwongoza ndege, bandari, kivuko, redio ya jamii yenye uwezo wa kukatisha kipindi na kutangaza. Kwa anayeishi zaidi ya kilomita 150 kutoka ilipo, ni msaada wa nusu.

Setilaiti

Juu ya bahari, hii ndiyo mwenye nyumba. Kimbunga Hidaya kilipojikusanya mashariki ya pwani yetu na kutufikia Mei 4, 2024, huko kilikozaliwa hapakuwa na rada wala kipima mvua. Kilifuatwa kutoka angani, maonyo yakatoka siku kadhaa kabla, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa.

Juu ya ziwa nayo inafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Setilaiti mpya ya Ulaya, Meteosat, iliyorushwa Desemba 2022 inapiga picha ya bara letu kila dakika 10 na inahesabu miali ya radi mchana na usiku. Watafiti wameonyesha, kwa kutumia picha za setilaiti, kwamba dhoruba kali za mchana juu ya nchi kavu inayozunguka ziwa ni dalili ya dhoruba kali za usiku juu ya maji. Nahodha anayetazama mashariki saa 11 jioni anajua hilo bila kusoma utafiti wowote.

Muda wake, basi, ni saa moja hadi sita kwa radi za ziwani, na siku kadhaa kwa vimbunga vya baharini. Udhaifu wake ni kwamba setilaiti nyingi huona paa la wingu. Zipo chache zenye vipimo vya mikrowevu vinavyopenya wingu na kuona kiini cha kimbunga hata usiku, na hizo ndizo zilizotikiswa Juni 2025: ilitangazwa Marekani kwamba data za setilaiti kadhaa za kijeshi za aina hiyo zitakoma mwisho wa mwezi, mwezi wa kwanza tu wa majira ya vimbunga ya Atlantiki. Tarehe ikasogezwa, kisha jeshi likaamua kuendelea. Na tulishaona paa la wingu linavyoweza kudanganya: Oktoba 2023 Otis ilitoka dhoruba ya kawaida hadi kimbunga cha daraja la 5, la juu kabisa, ndani ya takriban siku moja kabla ya kupiga Acapulco, Mexico. Ndege ya uchunguzi iliyoingia ndani yake ndiyo iliyoonyesha kwamba ina nguvu kuliko ilivyodhaniwa, na muda uliobaki ulikuwa wa saa chache.

Kwetu haina gharama ya kununua, tunapokea. Ndiyo raha yake na ndiyo hofu yake, kwa sababu uamuzi wa kuizima unafanywa mahali ambapo hatupigi kura.

Vituo vya ardhini, na macho ya watu

Hiki ndicho ninachokishika kwa mikono. Shuleni tuna kipima mvua cha kawaida, na hatua chache kando yake kituo cha kujiendesha kinachotuma data kwa mtandao wa simu, cha aina inayosambazwa mashuleni barani Afrika. Kila siku saa 3 asubuhi mwanafunzi wa zamu anatoa chupa, anamimina, anainama hadi jicho liwe sawa na mstari wa maji, anasoma milimita, mwenzake anaandika. Mara moja nilikuta siku 9 mfululizo za sifuri katikati ya Masika. Mvua ilikuwa ikinyesha. Buibui alikuwa amejenga ndani ya faneli na majani yakaziba. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia, maana siku zile 9 hazitaandikwa tena.

Kituo cha ardhini kinaona mahali pamoja kwa usahihi: mvua iliyofika kweli, upepo uliovuma kweli, kushuka kwa mgandamizo wa hewa. Kwa tahadhari ya moja kwa moja muda wake ni mfupi mno, dakika tu, kwa walio upande dhoruba inakoelekea. Kazi yake kubwa ni nyingine: ndiyo inayoziambia rada na setilaiti kama zinasema kweli. Vikipungua, kosa la vyombo vikubwa linaendelea miaka bila mtu kulijua, na tahadhari zinazotoka bila dhoruba kutokea zinaongezeka. Mvuvi aliyelala nyumbani mara tatu bure, ya nne haamini.

Vingine vinaweza kuliziba pengo la kituo kimoja. Pengo la vituo 50 halizibiki. Bei yake ni ndogo kuliko vyote hapa, ila utunzaji ni wa kila siku: kufyeka nyasi, kufukuza kumbikumbi na ndege, kulinda betri, kulipia bando. Kinamfaa yeyote mwenye eneo na nidhamu: shule, ushirika wa wakulima, kituo cha afya, ofisi ya BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni).

Nigusie ndege za abiria, kwa sababu nazo hupima halijoto na upepo zinapopaa na kutua. Mwaka 2020, korona ilipozizuia, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema vipimo hivyo vilishuka kwa wastani wa robo tatu au zaidi. Ni msaada mzuri karibu na viwanja vikubwa kama Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam. Mtu wa kijijini asivitegemee.

Kwa hali yako

Wewe ni diwani au mjumbe wa kamati na una fungu dogo la mara moja: usiwaze rada. Weka vituo vichache vya ardhini, na nusu ya fedha iache kwa miaka 3 ya utunzaji. Kama una sauti bungeni au kwenye bajeti ya taifa, kwa watu wa Kagera na visiwani ningetetea kwanza vipuri vya rada iliyopo na puto la saa 9 alasiri, kwa sababu hilo ndilo linalotangulia mitumbwi kuingia majini.

Unaendesha boti au unavua pwani, kutoka Mtwara hadi Lamu: setilaiti inakutosha kwa vimbunga, usihangaike na mengine, fuata taarifa za mamlaka siku 3 mbele. Kwa upepo wa ghafla wa mchana, rada ya Dar es Salaam au Mtwara ina msaada kwa walio karibu nayo.

Una redio ya jamii: omba mawasiliano ya moja kwa moja na ofisi ya hali ya hewa yenye rada, na mtu wa zamu usiku. Tahadhari iliyosomwa saa 2 usiku kwenye taarifa ya habari na kurudiwa saa 12 asubuhi imewaruka waliokuwa majini.

Uko Omaha, Des Moines au Louisville na jamaa wanakuuliza kama bado kuna usalama: onyo la tornado linatoka kwa rada, na rada zipo. Kilichopungua makali puto zilipokatwa mwaka 2025 ni utabiri wa siku moja au mbili kabla. Kwa hiyo ukisikia "uwezekano mdogo" siku ya joto na unyevu, usizime simu usiku, weka sauti ya maonyo juu, na ujue mapema chumba gani hakina dirisha.

Na wewe nahodha, kama leo umesoma "hakuna" lakini alasiri yote vilima vya mashariki vilikuwa vikinguruma, ngoja. Ukiwa umeshaingia na ukasikia ngurumo kwa sikio, radi hiyo iko ndani ya kilomita 15 au karibu na hapo. Dhoruba inayotembea kilomita 40 kwa saa inazimaliza kwa dakika 22 hivi. Hesabu mtumbwi wako unafika wapi kwa dakika 22 na nyavu zikiwa bado majini, kisha amua kama utazivuta au utazikata.